Je, wajua kwa nini harufu nzuri ya supamaketi si ushahidi wa hewa safi?

Anayepita kwenye rafu za sabuni katika supamaketi ya Nairobi au Dar es Salaam husikia harufu ya sabuni ya unga, manukato na dawa za kusafishia sakafu hata kama hakuna pakiti iliyofunguliwa. Harufu hiyo ni kemikali zenyewe, zile zinazogeuka mvuke upesi katika joto la kawaida, ambazo hupenya taratibu kwenye plastiki nyembamba na pembezoni mwa vifuniko. Kinachovuja katika pakiti moja ni kidogo mno, lakini duka kubwa hukusanya maelfu ya pakiti chini ya paa moja, aghalabu bila dirisha la kufunguka.

Chukua limonini, ambayo kwa asili hupatikana katika maganda ya machungwa na malimau, na ambayo hutiwa katika sabuni nyingi ili zinukie. Yenyewe haina madhara makubwa. Hata hivyo, inapokutana na gesi ya ozoni iliyoingia kutoka nje, hasa mchana wa jua kali katika jiji lenye magari mengi, humenyuka na kuzalisha chembechembe ndogo sana pamoja na fomaldehidi, gesi ambayo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Gesi hiyohiyo hutoka pia katika gundi ya makabati na rafu za MDF (mbao za nyuzi za miti zilizogandamizwa kwa gundi), hususan zikiwa mpya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.1 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa dakika 30. Ni jambo linalomhusu keshia anayeshinda humo zamu nzima kuliko mteja aliyefuata unga na sukari.

Tanuri la mikate na mtambo wa kuchomea kuku huongeza moshi wa mafuta, na pale maegesho yanapokuwa chini ya jengo, moshi wa magari hupanda kwa ngazi na lifti.

Wengi huamini kwamba kiyoyozi huleta hewa mpya. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha, na chujio lake hunasa vumbi, si mvuke wa kemikali. Kuingiza hewa ya nje kunahitaji mfumo wa pekee, nao una gharama: hewa ya Mombasa, kwa mfano, ni ya joto na yenye unyevu mwingi, hivyo ni lazima ipozwe na kukaushwa, la sivyo unyevu huo hugandia kwenye majokofu yaliyo wazi na kuyachosha. Ndiyo maana msimamizi anayetazama bili ya umeme hushawishika kuipunguza hewa hiyo.

Baadhi ya majengo hupima kabonidioksidi, ambayo nje ni takriban sehemu 420 katika kila milioni; ikivuka 1,000 ndani, wataalamu wengi huihesabu kuwa dalili ya uingizaji hewa hafifu. Lakini kipimo hicho hufuata pumzi za watu. Alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, kinaweza kuonyesha hali njema kabisa ilhali mvuke wa sabuni umekuwa ukijilimbikiza usiku kucha.