Encrinus si ua, na siki iacheni jikoni

Juzi tena nimeletewa kisukuku cha Encrinus kilichonunuliwa mtandaoni, mwenyewe kafurahi: "Tazama ua lililogeuka jiwe!" Nairobi nzima imeniambia hivyo, na nimechoka.

Eti ni mmea, kwa sababu mzizi upo, shina lipo, ua lipo. Ni mnyama. Ni krinoidi, mnyama wa baharini, jamaa wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Hilo "ua" ni kikombe kidogo kilichobeba matumbo, chenye mikono kumi juu yake. Shika lenzi uhesabu mwenyewe: mabamba matano ya chini, yaitwayo basali, juu yake matano yaitwayo radiali. Kila radiali hufuatwa na vipande viwili, kisha mkono unagawanyika, na hapo ndipo kumi inapotokea. Upande wa ndani wa kila "petali" una mfereji. Vijiguu laini vilinasa chembe za chakula majini na kuzipitisha humo hadi mdomoni. Ua gani lina mdomo? Shina nalo ni visahani vya kalisaiti, madini ya chokaa, vilivyopangana, kila kimoja na tundu katikati. Na huo "mzizi" haukunyonya kitu: ulimgandisha mnyama mahali pagumu, basi.

Wa pili huja na kisahani kimoja mkononi, anataka jenasi, yaani kundi la spishi za karibu kama Encrinus. Sina. Visahani vya mviringo krinoidi wengi wanavyo; jenasi husomwa kwenye kikombe na mikono. Hata wataalamu, wakiwa na vielelezo kamili, waliwahi kumweka Encrinus pamoja na vikundi vya Paleozoiki, enzi iliyotangulia yake. Leo wengi humweka katika kundi la Articulata, walimo krinoidi wote walio hai.

Ndiyo, walio hai. Jenasi hii imetoweka, lakini krinoidi wasio na shina wapo kwenye matumbawe ya Pwani yetu.

"Nimempata kwenye jiwe la kujengea la Ndarugu." Hukumpata. Hilo ni jivu la volkano. Encrinus liliiformis, aliyepewa jina na mwanasayansi Mfaransa Lamarck mwaka 1801, hutoka kwenye mawe ya chokaa ya Muschelkalk huko Ujerumani, masalio ya bahari ya miaka kama milioni 240 iliyopita.

Na tafadhalini, msiloweke kwenye siki wala ndimu. Asidi hula kalisaiti, na kalisaiti ndiyo kisukuku chenyewe. Tumia mswaki laini na maji kidogo. Mishono ya mabamba ikishafutika, usiniulize tena ni jenasi gani.