Kwa nini alama ya = haimaanishi "jibu ni"?

Mpe mwanafunzi wa darasa la tano au la sita hesabu hii: 8 + 4 = □ + 5. Usishangae akijaza 12. Mwenzake mwenye bidii zaidi atajaza 17, maana amejumlisha kila namba aliyoiona. Jibu ni 7.

Watafiti wa elimu Marekani walipoitumia hesabu hii katika miaka ya 1990, wanafunzi wengi walijaza hivyo hivyo, 12 au 17. Na kujumlisha walikuwa wanajua. Tatizo lilikuwa ile alama: waliisoma kama amri ya kutoa jibu.

Wakubwa nao hawajapona. Pitia madaftari ya sekondari utakutana na kitu kama hiki: 5 + 3 = 8 × 2 = 16 − 1 = 15. Kichwani mwandishi amepiga hesabu sawasawa, ila karatasi inadai kwamba 5 + 3 ni 15.

Lawama zinatupiwa vikokotoo, ambavyo kitufe chao cha = kweli husema "piga hesabu", na vitabu vinavyoweka nafasi ya jibu upande wa kulia kila mara. Huko China, ambako vitabu huanza kwa kulinganisha idadi za vitu kabla ya kujumlisha, wanafunzi hulijibu swali hilo vizuri zaidi. Lakini China hutofautiana na Marekani kwa mambo mengi, kwa hiyo tusivihukumu vitabu peke yake.

Fikiria mizani ya sahani mbili. Kushoto kuna 8 na 4, kulia kuna kiboksi na 5, na mizani imetulia. Hapo hakuna upande wa swali wala upande wa jibu. Ukibadilishana sahani, hali ni ile ile. Sasa ondoa 5 kila upande: kulia kinabaki kiboksi, kushoto inabaki 7. Ndiyo siri ya ile kanuni tuliyokaririshwa, kwamba namba "ikivuka" alama inageuka hasi. Hakuna kilichovuka. Kimepunguzwa kiasi kile kile pande zote mbili. Asiyeliona hilo atahangaika sana na 2x + 3 = x + 10, kwani hapo "jibu" halionekani popote.

Aliyeibuni alama hii, Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, alikuwa amechoka kurudia maneno "ni sawa na". Mwaka 1557 akachora mistari miwili sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Haikushika mara moja: mwaka 1637 Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Ufaransa, bado alikuwa akitumia alama nyingine.

Wakemia wao huandika 2H₂ + O₂ → 2H₂O, kwa mshale. Kinacholingana ni hesabu ya atomu, hidrojeni 4 na oksijeni 2 kila upande. Vitu vyenyewe ni tofauti kabisa: kulia ni maji, na hakuna anayezima moto kwa hidrojeni.

Kwenye programu za kompyuta mambo yanageuka. x = x + 1, ambayo kwa mwanahisabati ni sawa na kudai 0 = 1, huko ni agizo halali: chukua x, ongeza 1, hifadhi. Kwa kuwa = ilishapewa kazi hiyo, lugha kama C na Python huuliza usawa kwa ==. Ukisahau = moja kati ya hizo mbili katika C, mara nyingi programu itaendelea kufanya kazi, kimakosa.