Juma: jina lililotoka kwenye siku

Juma ni jina la kiume lenye asili ya Kiarabu, kutoka neno jum'a, siku tunayoiita Ijumaa. Hupewa mtoto aliyezaliwa siku hiyo. Akiwa wa kike, huitwa Mwanajuma. Ila usimpime kila Juma kwa kalenda. Wengi wamerithi jina la babu, basi yupo Juma aliyezaliwa Jumanne. Yupo na aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku, na huyo jina ni lake kwa haki kabisa: kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua likizama, kwa hiyo saa hiyo Ijumaa imeshaingia.

Mzizi wa neno ni kukusanyika, maana ndiyo siku ya watu kukutana msikitini kwa sala ya mchana. Mzizi huohuo umetupa jamaa, jamii na jumuiya. Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2011 alikuwa Juma Mwapachu. Jina na kazi vilikuwa ndugu wa damu.

Kwa herufi ndogo, juma ni wiki: "amelazwa majuma mawili." Siku zetu zinahesabiwa baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano, ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanzia Jumapili. Tano mbili zimepangana, na sijawahi kusikia mtu akilalamika! Hiyo ya pili ndiyo iliyozaa Hamisi, au Khamis kwa maandishi ya Zanzibar.

Jumaa, mwenye a mbili, ni jina hilohilo, ila mkazo unahamia kwenye "ma". Ukimwita Juma kwa mkazo huo, huenda asigeuke.

Jina limetoka pia nje ya Uislamu. Magharibi mwa Kenya hukaa mwishoni, baada ya jina la Kikristo, kama la marehemu Profesa Calestous Juma, mzaliwa wa Busia aliyefundisha Harvard.

Na kama hujawahi kuwa na rafiki aitwaye Juma, bado mmekutana kwenye sarufi. Juma anapiga mpira. Mpira unapigwa na Juma. Juma angalipiga mpira, asingalifungwa.