Kola ya usalama: usalama wa nani?

Juzi nimesikia tena mtu akilalamika kwamba kola ya usalama aliyomnunulia paka wake ni mbovu: paka alitoka nayo usiku, asubuhi karudi shingo tupu. Safari hii kanunua nyingine na kuizungushia uzi kwenye bizimu ili isifunguke.

Kola ya usalama ni ukanda wa shingoni wenye bizimu inayofyatuka yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Basi.

Tatizo ni hilo neno usalama, ambalo tumelibebesha mizigo miwili. Mlinzi wa getini ni mtu wa usalama, na kazi yake ni kuzuia. Aliyetoka mzima kwenye ajali naye yu salama, amesalimika. Neno limetoka kwenye Kiarabu, mzizi s-l-m, wa kuwa mzima na kuepukana na dhara. Mzizi huohuo umetupa salamu, ukatupa na kusalimu amri. Bizimu ya paka imo humo: inasalimu amri ili paka asalimike. Mkanda wa gari lazima ushike. Kola ya paka lazima iachie, kwa sababu paka hukwea miti na kupenya kwenye uzio, na kola ikinasa kwenye tawi atabaki ananing'inia kwa shingo.

Na wengine huiita kola ya mpira kola ya usalama. Mpira hunyumbuka, hauachii. Paka akihangaika hupenyeza mguu wa mbele, ukanda ukahamia kwapani, na akipotea siku kadhaa unamchimba ngozi hadi nyama. Kidonda cha hapo hupona kwa taabu, maana kila hatua hukitonesha.

Faida zipo, sibishi. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kola husomwa na yeyote, ilhali chipu ya chini ya ngozi, kidude chenye namba ya utambulisho, huhitaji mashine ya kuisoma. Ila chipu haidondoki, kwa hiyo bora awe navyo vyote viwili. Kengele ya kwenye kola nayo huwapunguzia ndege balaa. (Panya waliouliza nani atamfunga paka kengele wamejibiwa: mwenye paka.) Kola mvalishe iache nafasi ya vidole viwili, na kwa paka mchanga uipime mara kwa mara, kwani shingo inakua na kola haikui.

Ule uzi, tafadhali, ukate. Na paka akirudi shingo tupu, usiseme kola imekatika. Imeachia.