Kobe wa njano na kobe mweusi si lazima wawe jamii mbili

Mombasa utasikia watu wakibishana kwa yakini: kobe huyu wa njano ni jamii yake, yule aliyekolea weusi ni jamii nyingine, na rangi yatosha kukwambia katoka wapi. Haitoshi.

Kobe wa madoadoa tunayemwona nyika za Tsavo ni spishi ileile inayopatikana kutoka Ethiopia na Somalia hadi Afrika Kusini, Stigmochelys pardalis. Zamani wataalamu walimgawa katika jamii ndogo mbili, lakini uchunguzi wa vinasaba haukuunga mkono mgawanyo huo.

Tofauti za kimaeneo zipo, sikatai. Vitoto vya kusini mwa Afrika mara nyingi huanguliwa na madoa mawili au zaidi katikati ya kila kigae cha gamba. Vya huku kwetu huwa na doa moja, au hata hakuna. Ila huo ni mwelekeo tu, si kitambulisho. Tena kobe mmoja hubadilika: akiwa mchanga mistari yake imekoza kama hina mkononi mwa bibi harusi, akikua inakatikakatika kuwa vitone, na uzeeni wengine hubaki na rangi ya vumbi tupu.

Wapo pia wasemao mweusi ndiye dume. La, dume mtambue kwa mkia mrefu na tumbo lililobonyea.

Na Mzee, yule kobe mkubwa wa Haller Park hapa Mombasa, sahibu wa kiboko Owen, msimwingize humu. Yeye ni wa jamii ya visiwa vya Aldabra, Shelisheli, spishi mbali kabisa.