Mama ana Alzheimer: je, nami nitaupata?

Ugonjwa huu wa ubongo unaofuta kumbukumbu hurithiwa?

Kwa familia nyingi, kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua, hatari yako huwa kubwa kuliko ya wengine, lakini wengi wenye ndugu kama hao huzeeka na kumbukumbu zao.

Jeni (chembe ya urithi) gani inahusika?

Inayotajwa zaidi ni APOE, yenye aina tatu: e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya e4 huongeza hatari mara 2 hadi 3, na nakala mbili huiongeza mara 8 hadi 12. E2 huipunguza.

Ila tusizibebe takwimu hizo kama zilivyo. Watafiti waliowafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, waliona kwamba nakala moja ya e4 haikuongeza hatari ya wazee hao kwa kiwango kinachoonekana. Zilipokuwa mbili ndipo iliongezeka, tena si kwa kiwango cha Wazungu. Waafrika tunahitaji utafiti wetu, na tunauhitaji sana.

Hakuna jeni inayoleta ugonjwa moja kwa moja?

Zipo, lakini ni nadra: hitilafu katika APP, PSEN1 au PSEN2. Karibu kila anayeirithi huugua, mara nyingi kabla ya miaka 65, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Huko Antioquia, Colombia, upo ukoo mkubwa wenye hitilafu ya PSEN1 ambao watu wake huanza kusahau wakiwa na miaka arobaini na kitu.

Basi nikapime?

Kama mama aliugua uzeeni, kipimo cha APOE hakitakuambia utaugua au la. Afadhali upime presha na sukari, ambazo nazo huongeza hatari na zinatibika. Kama ndugu kadhaa wa vizazi tofauti waliugua wakiwa vijana wa miaka 40 au 50, zungumza kwanza na daktari wa mishipa ya fahamu.

Nyumbani wanasema ni laana ya ukoo.

Si laana, na mama hajaroga wala kurogwa. Mpelekeni hospitali, kwa sababu kusahau kunaweza pia kutokana na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au sonona, na hayo yana dawa.