Je, wajua kwa nini simenti haikai kwenye maungio ya jiko la chuma?

Katika nyumba za zamani za Molo, Njoro na Mau Summit, huko juu Nakuru ambako mwezi wa Julai watu hula wakiwa wamevaa makoti, bado utakuta majiko makubwa ya kuni ya chuma, yenye mlango mbele, tanuri ubavuni na bomba la moshi lililotoboa paa. Mengi yana alama ileile: mistari ya simenti ya kijivu kwenye maungio, imepasuka, nusu imeshadondoka. Fundi aliitwa, akakoroga simenti iliyobaki kwenye ujenzi, akaziba, akalipwa. Haukupita muda nyufa zikarudi.

Sababu ya kwanza ni kwamba chuma hakitulii. Jiko la aina hii si kipande kimoja. Ni mabamba ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, ukingo wa moja umeingia katika mfereji wa jingine, yakabanwa kwa bolti. Bamba la sentimita 60 likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka karibu milimita 2, na moto ukizimwa hurudi. Tena hayapati joto sawasawa: la juu ya moto linakuwa limeiva wakati la nyuma bado ni vuguvugu, hivyo yanasukumana na kuvutana papo hapo kwenye ungio.

Simenti nayo ina lake. Ile ya kujengea hushikana kwa maji, na maji hayo hubaki ndani yake kama sehemu ya umbo lake. Ikichomwa, maji hutoka, nayo hunywea wakati chuma kinatanuka. Joto likipita nyuzi 400 hivi, chokaa iliyomo hubadilika. Jiko likipoa, chokaa hiyo huvuta unyevu wa hewa, huvimba na kusambaratisha kilichosalia. Ndiyo maana ukiigusa kwa bisibisi inamwagika unga.

Msomaji wa Kisumu atauliza: mbona jiko la makaa lenye kauri ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hushikwa kwa simenti? Kweli, lakini pale simenti huchanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ya magamba yanayopunguza upitaji wa joto na kuacha nafasi ya kujongea. Halafu imekaa nyuma ya kauri, mbali na makaa. Kwenye jiko la chuma la kuni hakuna kinga hiyo.

Wengi hudhani ubaya wa ufa ni moshi kutoka. Mara nyingi ni kinyume: hewa ndiyo inayoingia. Bomba likishapata moto, hewa ya ndani hupanda na kuvuta nyingine kupitia kila mwanya. Ukifunga tundu la hewa ili moto upoe, haupoi. Kuni zinakwisha na sufuria ya githeri bado ngumu. Hewa baridi inayoingilia juu ya moto hupoza moshi, bomba likapoteza nguvu ya kuvuta na masizi yakaganda ndani yake. Hapo ndipo moshi hurudi chumbani, pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu waliolala.

Kupata mwanya si kazi. Usiku, jiko likiwa baridi, weka tochi ndani, zima taa, utafute mwanga unaopenya. Moto ukiwaka, pitisha udi kando ya maungio. Moshi wake utavutwa palipo wazi.

Dawa ni lipu ya majiko iliyotengenezwa kwa silikati ya sodiamu, ambayo hukazwa na joto lenyewe. Lakini kuipaka juu ya uchafu ni kupoteza pesa. Legeza bolti, kwangua mfereji kwa patasi na brashi ya waya hadi chuma kionekane, lowanisha kidogo, jaza, kisha kaza bolti kwa kiasi. Ukikaza mno, chuma kikitanuka bamba litapasuka, na bamba haliungwi kirahisi. Asiye na lipu hiyo hutumia udongo wa kichuguu na majivu yaliyochekechwa. Nao hupasuka, ila kuurudia ni bure, na mimi nauona bora kuliko simenti.

Mlangoni usipake kitu kigumu. Pale huwekwa kamba ya nyuzi za kioo, maana mlango hufunguliwa kila saa. Kamba ya zamani huenda ikawa ya asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu: usiikwangue kavu. Iloweshe, itoe nzima, uifunge kwenye plastiki, na usiitupe pamoja na taka za nyumbani.

Lipu ikishawekwa, iache ikauke siku nzima, au zaidi msimu wa mvua, kisha washa vijiti vichache tu. Moto mkali mapema hugeuza maji yaliyobaki kuwa mvuke, na lipu huvimba mapovu kabla haijakaza.